Elektroni, chuma na gunia la mbolea ya chai

GUNIA la kilo 50 la mbolea ya NPK 26:5:5, ambayo ndiyo husambaziwa wakulima wadogo wa chai katika kaunti za Kericho na Bomet, lina kilo 13 za nitrojeni. Fosforasi na potasiamu zimo pia, lakini kwa kiasi kidogo. Nitrojeni ndiyo inayoupa mchai majani, na majani ndiyo yanayofikishwa kwenye mizani ya kituo cha kununulia.

Mkulima anayetia kilo 150 za nitrojeni kwa hekta kwa mwaka huhitaji magunia kati ya 11 na 12. Bei yake hukatwa kutoka kwa malipo ya majani, na kila msimu wa bonasi unapowadia makato hayo huwa miongoni mwa mambo ya kwanza yanayojadiliwa vituoni.

Bei yenyewe haiamuliwi Kericho wala Nairobi. Mwaka wa 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine mnamo Februari 24, gesi asilia ilipanda bei barani Ulaya, viwanda kadhaa vya amonia vikapunguza kazi au kusimama kabisa, na gunia la mbolea katika maduka ya Kenya likapita Sh6,000. Serikali ilitangaza bei ya ruzuku ya Sh3,500 mnamo Septemba mwaka huo, kisha ikaishusha hadi Sh2,500 mwaka wa 2023.

Kwa nini gesi ya Ulaya imtoze mkulima wa Konoin au Bureti? Jibu limo katika tendo dogo mno linalofanyika juu ya uso wa chuma, ambapo elektroni huvuka kutoka kwa metali na kuingia katika molekuli ya nitrojeni. Tendo hilo lilianza kutumiwa viwandani mwaka wa 1913. Lakini ni katika muda wa robo karne hivi iliyopita tu ambapo wanasayansi wameanza kuelewa sawasawa jinsi elektroni zenye kawi nyingi zinavyoweza kuingilia kazi za aina hiyo, na pengine kuzifanya zitendeke bila joto kali wala shinikizo kubwa.

NITROJENI ILIYO TELE, ISIYOLIKA

Nitrojeni haina uhaba. Hewa tunayovuta ni nitrojeni kwa asilimia 78. Juu ya kila hekta ya chai katika nyanda za Kericho, zilizo karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kuna zaidi ya tani 60,000 za gesi hiyo. Mchai hauwezi kutumia hata gramu moja.

Sababu ni kwamba atomu za nitrojeni hutembea mbili mbili, zikiwa zimeshikana kwa kifungo cha sehemu tatu ambacho ni miongoni mwa vifungo imara zaidi katika kemia nzima. Kukikata kunahitaji kawi ya elektroni-volti 9.8 kwa kila molekuli. Kwa kulinganisha, kawi ya mtikisiko wa kawaida wa atomu katika joto la chumbani ni kama elektroni-volti 0.025 tu, yaani chini ya sehemu moja kwa 300 ya inayotakiwa.

Elektroni-volti, kwa msomaji ambaye hajakutana na kipimo hicho tangu aondoke shuleni, ni kawi anayoipata elektroni moja ikisukumwa na umeme wa volti moja. Ni kipimo kidogo kupita kiasi, lakini ndicho kinachofaa tunapozungumzia mambo ya molekuli moja moja. Ukitaka kuipa kila chembe ya gesi kawi ya elektroni-volti moja kwa kuipasha moto tu, ingebidi uifikishe kwenye joto la zaidi ya digrii 11,000.

Kuna bakteria wanaoweza kukikata kifungo hicho bila moto. Wanaishi katika vifundo vya mizizi ya maharagwe na jamii yake, na hutumia kimeng'enya chenye chuma na molibdenamu kupitisha elektroni moja baada ya nyingine hadi nitrojeni iachane. Mchai si wa jamii hiyo. Kwa hivyo nitrojeni inayoondoka shambani ndani ya majani yaliyochunwa lazima irudishwe kwa gunia, na kiasi chenyewe si haba, kwa kuwa majani makavu ya chai ni nitrojeni kwa takriban asilimia nne.

KICHOCHEO KATIKA KIWANDA CHA CHAI

Kabla ya kufika kwenye chuma, inafaa kueleza kichocheo ni kitu gani, na hakuna mahali pazuri pa kuanzia kama kiwanda cha chai chenyewe.

Majani yanapofika Litein, Kapkatet, Mogogosiek, Kapkoros au Tirgaga, huachwa yanyauke kwa saa nyingi, kisha hupitishwa katika mashine za kukata na kusaga. Hapo kuta za seli hupasuka, na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa hukutana na viambato vinavyoitwa katekini. Katika muda wa saa moja hadi mbili majani ya kijani hugeuka rangi ya shaba. Wafanyakazi wa viwandani wamezoea kusema chai 'inachacha', ingawa hakuna hamira wala uchachu wowote.

Kinachofanyika ni biashara ya elektroni. Kimeng'enya hicho kina atomu mbili za shaba katikati yake. Shaba huchukua elektroni kutoka kwa katekini na kuzikabidhi kwa oksijeni ya hewani, ambayo hugeuka kuwa maji. Katekini zilizopokonywa elektroni huungana zenyewe kwa zenyewe na kuzaa viambato vinavyoipa chai nyeusi wekundu na ukali wake. Shaba yenyewe hubaki ilivyokuwa, tayari kwa katekini nyingine. Hiyo ndiyo maana ya kichocheo: hushiriki katika kazi, huiharakisha, na mwisho wa kazi huwa hakijatumika. Anayetaka chai ya kijani hukiua kimeng'enya hicho mapema kwa mvuke au joto, na majani hayabadiliki rangi.

Elektroni za shaba hii ni elektroni tulivu. Hupita mkono kwa mkono, ngazi kwa ngazi, pasipo haraka. Katika kiwanda cha amonia nako mambo ni karibu vivyo hivyo, ila joto ni kali zaidi na kichocheo ni kipande cha metali.

CHUMA CHA OPPAU

Mnamo Julai 1909, katika mji wa Karlsruhe nchini Ujerumani, mwanakemia Fritz Haber aliwaonyesha wataalamu wa kampuni ya BASF mtambo mdogo uliokuwa ukitoa matone ya amonia kutokana na nitrojeni na haidrojeni. Kichocheo chake kilikuwa osmiamu, metali adimu na ghali. Carl Bosch alipewa kazi ya kukuza mtambo huo uwe kiwanda, naye Alwin Mittasch akatumwa kutafuta kichocheo cha bei nafuu.

Mittasch na wenzake walifanya maelfu ya majaribio. Kilichowashangaza ni kuwa madini ya chuma kutoka Gällivare, Uswidi, yalifanya kazi vizuri kuliko chuma safi. Siri ilikuwa uchafu uliokuwemo. Hatimaye waliafikiana na chuma kilichotiwa alumini iliyoungana na oksijeni pamoja na chembe za potasiamu, na kiwanda cha Oppau kikaanza kazi mwaka wa 1913. Mchanganyiko unaotumiwa leo katika viwanda vingi duniani haujaenda mbali na ule.

(Haber alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1918. Kiwanda cha Oppau kilikuwa kimeisaidia Ujerumani kutengeneza baruti wakati wa vita, na Haber mwenyewe ndiye aliyesimamia matumizi ya gesi ya klorini dhidi ya wanajeshi huko Ypres mwezi wa Aprili 1915. Mbolea na silaha zilitoka mlango mmoja.)

Kwa takriban miaka 60 hakuna aliyejua kwa hakika chuma hicho kilikuwa kikifanya nini. Aliyelitatua fumbo hilo ni Gerhard Ertl, aliyetumia vyombo vya ombwe kuchunguza nyuso safi za chuma, safu moja ya atomu kwa wakati. Alionyesha kwamba hatua ngumu ni ile ya molekuli ya nitrojeni kutua juu ya chuma na kupasuka. Hatua nyingine zote, za haidrojeni kuungana na atomu za nitrojeni moja moja hadi amonia ikamilike, hufuata kwa wepesi zaidi. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 2007, iliyotangazwa Oktoba 10, siku aliyotimiza umri wa miaka 71.

Na potasiamu je? Potasiamu ni metali karimu. Ikikaa juu ya chuma huachilia elektroni yake kwa urahisi, na uso wa chuma mahali hapo huwa mwepesi kutoa elektroni zake. Molekuli ya nitrojeni inapotua jirani, elektroni za chuma huvuka na kuingia katika nafasi za molekuli ambazo, zikijazwa, hulegeza kifungo badala ya kukikaza. Molekuli huvutwa zaidi kwenye uso, kifungo hurefuka, hukatika. Kwa ufupi, nitrojeni hushindwa kwa kuzidishiwa elektroni.

Hata hivyo, kazi hiyo bado hudai joto la kati ya digrii 400 na 500 za Selsiasi. Joto hilo nalo huleta balaa lake, kwani amonia ikipashwa moto hupendelea kurudi kuwa nitrojeni na haidrojeni. Dawa yake ni shinikizo, ambalo kwa kawaida huwa zaidi ya mara 100 ya lile la hewa. Ndiyo sababu kiwanda cha amonia sharti kiwe kikubwa, chenye mapipa ya chuma kinene na mashine za kugandamiza gesi zinazofanya kazi usiku na mchana. Haidrojeni yenyewe hutolewa kwenye gesi asilia. Kenya haina kiwanda kikubwa cha aina hiyo. Mbolea au malighafi yake hupitia bandari ya Mombasa.

ELEKTRONI 'MOTO' NI NINI

Hadi hapa elektroni tulizozitaja ni zile zilizo katika hali yake ya kawaida ndani ya metali. Kuna nyingine.

Elektroni ndani ya metali zimejipanga kuanzia chini kwenda juu, mfano wa maji katika debe, na zilizo juu kabisa ndizo zinazoweza kusogea. Nuru, umeme au mshtuko wa kikemia ukiipiga moja kati ya hizo, huweza kuirusha elektroni-volti moja, mbili au tatu juu ya wenzake, ikaacha pengo nyuma yake. Wataalamu huiita 'elektroni moto'. Jina hilo lina hila kidogo. Metali yenyewe inaweza kuwa baridi mkononi, ilhali elektroni hiyo moja ina kawi ambayo, ikitafsiriwa kwa digrii, inazidi 10,000. Pengine ingefaa kuiita elektroni yenye ghadhabu, lakini jina limekwisha kushika.

Ghadhabu hiyo haidumu. Baada ya muda unaopimwa kwa femtosekunde (sekunde moja ikigawanywa mara milioni moja, na kila kipande kikagawanywa tena mara bilioni moja, ndiyo femtosekunde) elektroni hugongana na nyingine na kugawana nazo kawi yake. Baada ya muda mrefu kidogo kuliko huo, kawi yote huishia katika mtikisiko wa atomu, yaani joto la kawaida. Kwa hivyo elektroni moto ikitaka kufanya kazi yoyote ya kikemia, sharti iwahi. Molekuli iwe imetua papo hapo juu ya uso, elektroni iirukie kabla haijapoa, na muda mfupi inaokaa humo utoshe kuzisukuma atomu zianze kuachana.

Kwa muda mrefu wanakemia walifanya hesabu zao kana kwamba mambo hayo hayana uzito. Msingi wao ulikuwa kanuni ya Max Born na Robert Oppenheimer ya mwaka wa 1927, isemayo kwamba elektroni, kwa wepesi wake, hufuata mwendo wa atomu papo kwa papo kama kivuli kinavyomfuata mtu. Kwa gesi nyingi kanuni hiyo haina kasoro. Juu ya metali, kivuli huweza kubaki nyuma.

Ushahidi ulianza kuwa mwingi mwishoni mwa miaka ya 1990. Huko Santa Barbara, California, kundi la Hermann Nienhaus na Eric McFarland lilitandaza utando mwembamba sana wa fedha juu ya silikoni, likauunganisha na chombo cha kupimia umeme. Atomu za haidrojeni zilipotua juu ya fedha hiyo, chombo kikasoma mkondo wa umeme. Hapakuwa na betri wala nuru. Mkondo huo ulitokana na elektroni zilizorushwa na tendo lenyewe la haidrojeni kushikana na fedha. Mwaka wa 2005 kundi la Gabor Somorjai huko Berkeley lilionyesha jambo la aina hiyo wakati monoksidi ya kaboni inapoungua juu ya platinamu.

Jaribio jingine, la Alec Wodtke na wenzake lililochapishwa mwaka wa 2000, ndilo linalonipendeza zaidi kwa usahili wake. Walichukua molekuli za oksidi ya nitrojeni zinazotetema kwa nguvu nyingi na kuzirusha juu ya dhahabu. Zilirudi zikiwa zimepoteza sehemu kubwa ya mtetemo wake. Waliporusha molekuli hizo hizo juu ya fuwele ya litiamu floridi, ambayo haina elektroni huru, zilirudi karibu jinsi zilivyokwenda. Kama kilichonyonya mtetemo ule kingekuwa atomu za ukuta, fuwele nayo ingepaswa kuunyonya. Kwa hivyo kilichounyonya ni elektroni za dhahabu.

Swali lililobaki ni la upande wa pili: je, elektroni moto zaweza kutumwa kufanya kazi ambayo joto peke yake haliwezi? Hapo jibu lilitoka Berlin, katika taasisi iliyopewa jina la Fritz Haber, na Ertl alikuwa miongoni mwa waandishi. Mwaka wa 1999 Mischa Bonn na wenzake waliweka oksijeni na monoksidi ya kaboni pamoja juu ya rutheniamu. Walipoipasha metali moto kwa njia ya kawaida, monoksidi ya kaboni ilipeperuka tu, oksijeni ikabaki. Walipoipiga kwa mwale wa leza wa muda mfupi mno, elektroni za metali zilipanda moto kabla ya atomu, kifungo cha oksijeni na rutheniamu kikalegea, na dioksidi ya kaboni ikatokea. Viambato vilikuwa vile vile, na metali ile ile. Kilichotofautiana ni nani aliyepokea kawi kwanza.

NURU, SHABA NA UBISHI

Leza za namna hiyo hazifai kutengenezea mbolea. Kwa sababu hiyo watafiti waligeukia chembechembe ndogo za dhahabu, fedha, shaba na alumini, ambazo zina tabia ya kuinasa nuru ya kawaida kwa nguvu kuliko ukubwa wake unavyoruhusu, kwa kuwa elektroni zake zote huyumba pamoja. Mwyumbo huo ukivunjika huacha elektroni moto.

Kundi la Naomi Halas katika Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, liliripoti mwaka wa 2018 chembechembe za shaba zilizotiwa atomu chache za rutheniamu. Kazi yake ilikuwa kinyume cha ile ya Haber, yaani kuitengua amonia iwe haidrojeni na nitrojeni. Kwa mujibu wa ripoti yao, kizingiti cha kawi kilishuka kutoka elektroni-volti 1.21 gizani hadi 0.35 chini ya nuru kali. Mwaka wa 2022 kundi hilo lilionyesha kwamba chuma, ambacho ni rahisi kupatikana, kinaweza kuchukua nafasi ya rutheniamu kikimulikwa kwa taa za LED.

Wapo waliopinga. Mwaka wa 2019 Yonatan Sivan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, walichapisha hoja kwamba matokeo ya 2018 yanaweza kuelezwa kwa joto tu, kwa sababu nuru ile ile inayorusha elektroni huipasha pia chembe moto, na kosa dogo katika kupima joto hilo huzaa kosa kubwa katika hesabu. Kundi la Halas lilijibu na kushikilia msimamo wake. Mabishano haya si ya kupuuzwa. Elektroni moto hufa kwa kugeuka joto, na kutenganisha kazi ya marehemu na ya urithi wake ni shughuli ngumu. Mtu yeyote anayeuza teknolojia ya 'elektroni moto' anapaswa kuulizwa kwanza alipimaje joto.

RADI YA ALASIRI

Msomaji wa Kericho hahitaji kwenda Texas ili aone elektroni zenye kawi zikiivunja nitrojeni. Karibu kila alasiri ya msimu wa mvua, hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hukutana na pepo za mashariki juu ya nyanda hizi, mawingu yakapanda, radi ikapiga. Eneo la Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mashamba makubwa yaliwahi kujaribu, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kupunguza mawe hayo kwa kurusha iodidi ya fedha mawinguni kwa ndege.

Ndani ya njia ya radi, hewa hufikia joto la karibu digrii 30,000. Nitrojeni na oksijeni hupasuka, huungana, na mvua hushusha sehemu yake ardhini ikiwa naitreti, ambayo mmea unaweza kuitumia. Wazee wengi wa mashambani husema mimea hunawiri baada ya mvua ya radi, na kemia haiwakanushi kabisa. Lakini kiasi chake ni kidogo. Radi za dunia nzima huleta nitrojeni ya takriban tani milioni tano kwa mwaka, ilhali mbolea za viwandani huleta zaidi ya tani milioni 100. Mkulima wa Chepalungu au Belgut hawezi kuacha kununua gunia kwa kutegemea ngurumo.

Mwanadamu aliwahi kuiga radi. Kuanzia mwaka wa 1905 Kristian Birkeland na Sam Eyde waliendesha kiwanda huko Notodden, Norway, kilichochoma hewa kwa umeme wa maporomoko ya maji. Kilitoa mbolea halisi, lakini kilikula umeme kupita kiasi, na kufikia mwisho wa miaka ya 1920 njia ya Haber na Bosch ilikuwa imekipiku. Kampuni waliyoianzisha, Norsk Hydro, ndiyo mzazi wa Yara, ambayo mbolea yake inauzwa nchini Kenya hadi sasa.

Kasoro ya radi, na ya Notodden, ni kupasha moto kila kitu. Hapa ndipo elektroni zenye kawi na uso wa metali hukutana upya. Gesi ikipitishiwa umeme kwa namna maalumu, katika hali iitwayo plazima isiyo ya joto, elektroni huwa na elektroni-volti moja hadi kumi ilhali gesi yenyewe hubaki na uvuguvugu tu. Elektroni hizo huigonga nitrojeni na kuiacha ikitetema. Haijapasuka, lakini imeshalegea. Ikitua juu ya kichocheo katika hali hiyo, metali huimalizia.

Faida yake ni ya ndani kuliko inavyoonekana. Kichocheo cha kawaida kina mtanziko: metali inayoishika nitrojeni kwa nguvu za kutosha kuipasua huing'ang'ania hata baada ya kupasuka, na nafasi juu ya uso hujaa, metali inayoiachilia kwa urahisi haiwezi kuipasua. Chuma na rutheniamu ziko katikati, ndiyo maana zinatumika. Mwaka wa 2018 kundi la Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, lilionyesha kwa hesabu na majaribio kwamba nitrojeni inayotetema huuvunja mtanziko huo. Upasukaji huwa rahisi, hatua za baadaye haziguswi, na metali zenye mshiko hafifu kama kobalti na nikeli huanza kufaa, tena katika shinikizo la kawaida la hewa.

Kwa mkulima, jambo la msingi katika habari hizo ni hilo shinikizo. Mtambo usiohitaji mapipa mazito unaweza kuwa mdogo, ukawashwa na kuzimwa kulingana na umeme uliopo, na ukakaa karibu na shamba. Mashamba makubwa ya Kericho yamekuwa na mitambo midogo ya umeme wa maji kwa miongo mingi. Mito ipo, na miteremko ipo.

Kikwazo ni bili ya umeme. Viwanda bora vya kawaida hutumia kawi ya takriban gigajuli 30 kutengeneza tani moja ya amonia. Mitambo ya plazima ya maabara hutumia mara kadhaa ya hiyo, kwa kuwa elektroni nyingi hupoteza kawi zikigonga vitu visivyohusika, na amonia iliyokwisha kutengenezwa huvunjwa tena na plazima ile ile. Hadi leo hakuna gunia la mbolea ya chai lililotoka katika mtambo wa aina hiyo.

Kilicho karibu zaidi na soko ni njia ya kati. Nchini Japani, kundi la Hideo Hosono lilionyesha mwaka wa 2012 kwamba rutheniamu ikikalishwa juu ya kiambato cha kalsiamu na alumini ambacho ndani ya vijishimo vyake mna elektroni zisizofungwa kwa atomu yoyote, kazi iliyofanywa na potasiamu ya Mittasch huongezeka maradufu na zaidi, na joto pamoja na shinikizo linalohitajika hupungua. Kampuni ya Tsubame BHB ilianzishwa mwaka wa 2017 ili kuuza mitambo midogo ya aina hiyo.

Kenya nayo imeonja. Mwaka wa 2023 kampuni ya Kimarekani ya Talus Renewables iliweka mtambo mdogo wa amonia katika shamba la Morendat la kampuni ya Kenya Nut, karibu na Naivasha. Mtambo huo hupata haidrojeni kwa kuyatenganisha maji kwa umeme wa jua, wala hautegemei gesi asilia. Uliundwa kutoa takriban tani moja ya amonia kwa siku. Katika tani hiyo mna nitrojeni ya kilo 820 hivi, inayotosha magunia 63 ya NPK 26:5:5.